Tulisindikizwa Mpaka Tukarudi

Huku Masisi, mugeni ukimuachia mulangoni umemufukuza. Hata kama umemupa chakula, hata kama umemupa kitanda chako wewe ukalala chini, ukisema "kwa heri" huku umekaa kwenye kiti, ataondoka na kinyongo na atakusema kule kwao mpaka uzeeke. Mugeni anasindikizwa. Unasimama, unavaa bote za matope, unatoka naye, munaongea mpaka kwenye kilima ao kwenye kijito, na hapo njo munaachana. Na maneno ya kweli yanasemwa hapohapo njiani. Ndani ya nyumba watu wanaulizana afya na habari ya ng'ombe. Ugonjwa wa siri, ugomvi wa ndugu, ndoa, hayo yote yanangojea njia.

Ninayasema haya mapema ili usije ukaniuliza kwa nini watu wazima, waimbaji wa Misa, walipanda na kushuka mulima uleule kama mbuzi wasio na mwenyewe.

Katika kwaya yetu pale Mushaki kuna kaka moja anayeimba sauti ya nne, ile nzito ya chini. Kazi yake ni kutengeneza fromaji, yaani jibini. Ananunua maziwa asubuhi, anayapasha moto, anayagandisha, anayakamua kwenye kitambaa, na mimi ninaziuza hizo fromaji dukani kwangu kando ya barabara, pamoja na chumvi, sabuni na betri. Mimi ni mama wa Butembo, nilikuja huku na biashara nikabaki. Kaka huyu hana ndugu Mushaki, basi nikajifanya dada yake mukubwa bila kuombwa. Ni muntu mwema, mwenye nguvu, na mikono yake ni safi kuliko ya daktari. Lakini mudomo! Wanasema kimya kingi kina mshindo. Cha kwake nilikingojea muda mrefu sana, mshindo sikuusikia.

Alikuwa amependa binti wa Burungu, kule juu mulimani. Kuna wakati kule kwao masasi ya bunduki yalizidi, baba ya huyo binti akateremsha ng'ombe zake akaomba malisho karibu na Mushaki, na binti njo alikuwa akileta maziwa kila asubuhi kwa kaka yetu. Kila asubuhi kaka alipokea kibidoni, akaonja, akasema, "Iko muzuri." Binti akasema, "Aksanti." Mapenzi yote yalikuwa ndani ya hayo maneno. Kisha Burungu ikatulia, familia ikarudi kwao na ng'ombe zao, na mimi nikaanza kuuza fromaji zilizotiwa chumvi mara mbili. Wateja wakalalamika. Nikawaambia wanywe maji.

Siku moja ya mwezi wa kumi, kaka akaja dukani akakaa juu ya gunia la chumvi. Alikuwa amesikia kutoka kwa dereva wa lori kwamba kuna mwanaume wa Walikale, mufanyabiashara wa kule kwenye machimbo, mwenye pikipiki mupya, ambaye wazee wake wameshapeleka maneno Burungu. Baba ya binti amewaambia warudi Jumatatu kuchukua jibu.

"Mama," kaka akasema, "Jumatatu." Basi. Hakuongeza.

"Na wewe umemuambia binti nini?"

"Nilimuambia maziwa yake iko muzuri."

"Aka! Na simu je?"

"Nilipiga. Alipoitika, nikakata."

Nilikasirika hadi nikamwaga mchele niliokuwa ninapima. Nilimuonea huruma pia, lakini hasira ilitangulia. Muntu anataka kupoteza bibi kwa sababu ya uvivu wa ulimi! Nikafunga duka, nikaenda moja kwa moja kwa kiongozi wa kwaya.

Huyu kiongozi ni Papa wa Butembo kama mimi, mwenye lori mbili na tumbo moja kubwa. Kwaya yetu ilikuwa na desturi, njia zikiruhusu, ya kutembea mulimani wiki-end moja kabla mvua kubwa haijakaza: kila muntu na sakado yake mugongoni, shitingi ya plastiki ya kujifunika, sufuria, bugali, nyimbo. Mwaka huo alikuwa amepanga twende upande wa Lushebere, ambako njia ni nyepesi. Nikamuambia hapana, tunaenda Burungu. Akauliza Burungu kuna nini. Nikamueleza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Mama, wewe siku moja utatuingiza mashakani." Lakini alikuwa tayari ameanza kutafuta bote zake.

Tuliuliza njia iko aje, kama vile watu wa kwingine wanavyouliza kama mvua itanyesha. Tukaambiwa iko kimya, hakuna masasi. Jumamosi kabla ya jua tukaanza kupanda.

Eh, milima hiyo! Ukiiona kutoka barabarani ni majani mabichi tu, laini, unasema hata mutoto mchanga atatambaa juu yake. Panda sasa. Majani yameloa, udongo unateleza, kila ferme ya ng'ombe ina uzio wa miti na kila uzio una mahali pa kuruka panapokungoja ukiwa na muzigo mugongoni. Papa kiongozi alikwama kwenye uzio wa kwanza, sakado upande huu, tumbo upande ule, ng'ombe wakakusanyika kumuangalia. Sauti ya pili, yaani sisi akina mama, tukamuimbia "Bwana utuhurumie". Hakufurahi.

Kaka yetu alikuwa mbele, amebeba kitu cha mviringo ndani ya sakado. Nikamuuliza ni nini. Fromaji. Fromaji kubwa kabisa, aliyoilea kwa majuma mengi, zawadi ya baba ya binti.

"Unapelekea mwenye ng'ombe fromaji?"

"Nilifikiri..."

"Usifikiri! Wewe kazi yako leo ni kusema."

Nikamufundisha njia nzima. Tutafika, tutasalimia, tutakunywa maziwa, hatutakaa sana. Tutaaga. Watatusindikiza, lazima, kwa sababu ni watu wa heshima. Mama yake nitamushika mimi kwa mazungumzo, wengine watatembea haraka, na yeye na binti watabaki nyuma. Hapo atasema.

"Nitasema nini?"

"Kwamba unamutaka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akatembea mpaka kilima cha pili. Kisha akauliza, "Na akisema hapana?" Sauti yake ilikuwa ndogo, yeye mwenye sauti ya kutikisa madirisha ya kanisa. Nikamuambia tu asiache viatu vyake vilowe.

Nyumba yao iko juu ya Burungu, mahali ambapo ukungu unaingia mulangoni bila kubisha. Baba ni muzee murefu mwenye kofia na fimbo, anaongea polepole kama muntu anayehesabu ng'ombe. Alitupokea vizuri. Binti alipotoka jikoni na kumuona kaka yetu amesimama na sakado yake, alishika mulango. Nikajiambia, kumbe! Huyu naye anaumwa ugonjwa uleule. Basi kazi itakuwa nyepesi.

Tukakunywa maziwa. Papa kiongozi, ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, alikunywa kibuyu kizima kwa adabu, akaanza kusikiliza ndani yake kwa uso wa mashaka. Kaka akatoa fromaji. Muzee akaigeuza, akainusa, akasema, "Kumbe yale maziwa yangu njo umeyafunga hivi." Akaiweka kando. Hatukujua kama ni sifa ao ni matusi.

Tukaaga. Tukasema tunaenda kutandika shitingi yetu upande wa pili wa mulima. Mama ya binti akachukua kitenge chake, binti akavaa bote, tukatoka. Mambo yakaenda jinsi nilivyopanga. Nikamushika yule mama na habari ya bei ya sabuni, wengine wakakaza mwendo, na wale wawili wakabaki nyuma. Nilitega masikio yangu mpaka yakaniuma.

Na unajua yule kaka alisema nini? Alisema hivi: "Dada, maziwa ikipata moto sana, haigande muzuri." Binti akasema, "Ehe?" Akasema, "Ndiyo. Inataka moto kidogo." Binti akangoja. Kijito kikafika. Wakaambiana kwa heri.

Nilitaka kumusukuma ndani ya maji.

Hapo mvua ikanisaidia. Ilishuka ghafla, ile mvua ya mwezi wa kumi isiyopiga hodi. Nikapiga kelele: "Yesu Maria! Hawa wamama watarudi peke yao kwenye mvua hii? Sisi ni watu gani? Tuwasindikize!" Kila muntu alikubali, kwa sababu huwezi kukataa jambo kama hilo ukiwa Mukristo. Basi tukageuka, wageni wakawasindikiza wenyeji. Kaka na binti wakatembea chini ya shitingi moja, na bado, hebu fikiri, chini ya shitingi moja, aliongea habari ya chumvi.

Kufika nyumbani, muzee akatuona tukitiririka maji. "Karibuni," akasema. Akaamuru moto uongezwe, akaamuru bugali, akasema tulale palepale. Tukala, tukaimba, tukalala tumepangwa kama viazi. Kabla sijafumba macho nikamunong'oneza kaka, "Kesho ni siku ya mwisho." Akajibu, "Mama, ninaijua."

Jumapili tulisali pamoja nao kwenye kanisa ndogo ya Burungu. Kwaya yetu iliimba. Kaka yetu aliimba sauti ya nne mpaka watu wa kule wakageuza vichwa, na binti, aliyekaa kwenye benchi ya pembeni, hakugeuza kichwa hata kidogo. Mwanamuke asiyegeuka wakati watu wote wanageuka, huyo amesikia kuliko wote. Nikapata matumaini mapya.

Tukaaga mara ya pili. Tukasindikizwa mara ya pili. Muzee alibaki, mama na binti wakatoka. Safari hii nilimuambia mama ya binti kuhusu vitenge vya Goma, na vya Butembo, na vya Uganda, nikamaliza vitenge vyote vya dunia. Nyuma yangu, kaka akasema, "Dada, ninataka..." Nikasimamisha pumzi. "Ninataka kujua ng'ombe zenu zinakula majani gani."

Papa kiongozi alikaa chini njiani, akashika kichwa. Mimi nikapekua sakado yangu kwa kelele nyingi. "Uwii! Nimesahau kifuniko cha sufuria yangu!" Kifuniko kilikuwa chini kabisa ya sakado hiyohiyo. Mama ya binti akasema atakituma kwa dereva. Nikasema hapana, ni kifuniko cha marehemu mama mukwe wangu, ambaye, Mungu anisamehe, anaishi mpaka leo pale Butembo na ana afya nzuri. Tukarudi.

Muzee alikuwa amekaa palepale mbele ya nyumba. "Mumesahau nini?"

"Kifuniko, Papa."

Akaniangalia, akamuangalia kaka, akaangalia juu ya mulima. "Mugeni siku mbili," akasema. "Mukirudi tena nitawapa jembe. Maharagwe yangu inataka kupaliliwa." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote kwa sababu nilikuwa ninaogopa. Muzee huyu hakuwa mujinga, na kesho yake watu wa Walikale wangekaa kwenye viti hivyohivyo tulivyokalia.

Tukasindikizwa mara ya tatu. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuchekesha tena. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, Mushaki ilikuwa mbali, na hata mama ya binti alikuwa amechoka na vitenge vyangu. Tulifika kwenye kijito. Huko nyuma hakuna aliyeongea, hata habari ya maziwa. Nikageuka, liwalo na liwe, nikawaangalia waziwazi.

Binti alikuwa amesimama kwenye jiwe. "Haya kaka," akasema, "tumefika. Safari njema." Akanyoosha mukono.

Kaka akaushika, asiuachie. Jasho lilimushuka kana kwamba ni saa sita ya mchana kule Kindu kwenye joto. "Dada," akasema. "Unisindikize."

"Si nimekusindikiza? Mara ngapi?"

"Hapana. Zaidi."

"Mpaka wapi?"

Nikafunga macho. Nilijua sasa atasema mpaka kwenye ule muti, ao mpaka kwenye ferme ya jirani.

"Mpaka kwetu," akasema. "Na usirudi."

Kijito kilikuwa kinapiga kelele zake. Binti akatoa mukono wake. Akageuka, akaanza kupanda kurudi kwao, haraka, bila kutuaga. Kaka akabaki na mukono wake hewani. Nilikwenda nikaushusha mimi mwenyewe. Nilitaka kumuambia kitu, kwamba amefanya vizuri, kwamba wanawake wako wengi, maneno yale ya kipumbavu tunayowaambia watu, lakini nikaona machozi yanamujaa, nikamupa kitenge changu ajifute.

Kisha sauti ya binti ikatoka juu ya mulima, ya hasira kidogo.

"Sasa munangoja nini? Kwetu muntu hasindikize mbali hivyo bila kuaga nyumbani. Rudini!"

Mamaa! Sijawahi kuona kiongozi wa kwaya akipanda mulima mbio. Tulipanda sote, sakado zinagonga, sufuria zinalia, tumepita hata ng'ombe.

Muzee alituona tunakuja mara hii ya mwisho, akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akaliweka miguuni kwake. "Haya. Mumesahau nini tena?"

Nilifungua mudomo. Kaka akanizuia na mukono. Alivua kofia yake, na kwa mara ya kwanza nje ya kanisa nikaisikia ile sauti ya nne.

"Papa, hatukusahau kitu. Nimeomba dada anisindikize mpaka kwetu, asirudi. Anasema anataka kuaga kwanza."

Muzee akalisukuma jembe kando na muguu. Alimuangalia binti yake. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilishavaa bote, Papa."

Mama yake akakaa kwenye kiti, akajifuta uso na kitenge. "Yule wa Walikale," akasema, kama anajisemea mwenyewe, "sijamusindikiza hata siku moja. Anakuya, anakunywa, anapiga moto pikipiki, anaenda. Sasa muntu kama huyo, njiani utaongea naye saa ngapi?"

Papa kiongozi alianza kuhema, sijui ni kwa mulima ao kwa maziwa. Mwishowe muzee akasema, "Jumatatu nitawajibu wale watu. Wazee watakuja kuongea mambo ya wazee." Akaangalia mawingu. "Muende sasa, mvua itawakamata."

Basi ndiyo ao hapana? Hatukujua. Kwa mila zetu huwezi kumuambia muzee arudie. Tukabeba mizigo. Muzee naye akasimama, akaita bote zake, akavaa kofia, akatoka nasi. Yeye mwenyewe! Mama akatoka, binti akatoka, mbwa akatoka. Nilijua maana ya heshima hiyo, lakini pia nilijua kwamba wakati mwingine muzee anakusindikiza mwenyewe ili ahakikishe hutarudi tena.

Kaka, kwa adabu, alikwenda kutembea kando ya muzee kama mugeni anavyofanya. Hatukufika mbali. Muzee akasimama katikati ya njia, akamunyooshea fimbo.

"Wewe, unafanya nini hapa?"

"Papa... tunasindikizwa."

"Hawa ni wageni, wao njo ninasindikiza," muzee akasema. "Muntu wa nyumba hasindikizwi. Tangulia, njia unaijua."

Kaka akasimama kidogo, kama hajasikia. Kisha akarudisha kofia yake kichwani, akakaza sakado, akashuka mulima mbele yetu sote, na hakuna aliyemusindikiza.